Vitabu Vikuu Vilivyotiwa Katika Picha

Iko namna ya vitabu ambavyo huonekana mikononi mwa vijana wetu waliosoma, na wazazi huuliza kama ni vitabu vya kufaa ama ni mchezo tu wa kupotezea wakati. Ni vitabu vikuu vya zamani, riwaya na tamthilia na hata vitabu vya falsafa, vilivyofupishwa na kutiwa katika picha. Ukurasa hukatwa kwa mistari ukawa vyumba vidogo vidogo. Katika kila chumba pana picha, na maneno ya wasemao yameandikwa ndani ya viduara vitokavyo vinywani mwao. Msomaji huenda chumba baada ya chumba mpaka mwisho, na kitabu ambacho kingemchukua mwezi mzima amekimaliza kabla chakula cha jioni hakijaiva.

Watu wa kwanza husema: Huu ni upuzi, kwa kuwa picha ni za watoto na hekima ni ya watu wazima. Watu wa pili husema: Hii ni baraka, kwa kuwa asiyeweza kusoma kitabu kikubwa sasa atakijua. Naona pande zote mbili zimetazama picha, wala hazikutazama kitabu. Kwa hiyo nataka kuvipima vitabu vichache vya namna hii kwa mizani moja, kisha kila mmoja aamue mwenyewe kama atatoa fedha yake ama ataiweka.

Kwanza tuondoe shitaka lisilo la haki. Wako wasemao kwamba kufupisha kitabu kikuu ni kukiharibu. Kama ni hivyo, sisi walimu sote tumeharibu vitabu, kwa maana hatupiti siku bila kufupisha. Wala desturi hii si mpya. Mwaka 1807 Mwingereza Charles Lamb na dada yake Mary walitoa kitabu cha hadithi 20 zilizotolewa katika tamthilia za Shakespeare, wakazisimulia kwa maneno mepesi ili watoto wazielewe. Watu wengi waliompenda Shakespeare maishani mwao walianzia hapo. Mtoto hapewi mfupa kabla hajaota meno. Shitaka la kufupisha, basi, na tuliweke kando.

Vitabu vya picha vilivyojulikana kuliko vingine vyote ni vile alivyovianzisha Albert Kanter katika mji wa New York, Marekani, mwaka 1941. Bwana huyu alizaliwa Urusi, akahamia Marekani pamoja na jamaa zake angali mtoto. Aliona vijana wanavyopenda magazeti ya picha yenye mashujaa wa kupigana, akawaza kwamba kama wanapenda picha, na wapewe picha, lakini ndani yake iwemo hadithi yenye uzito. Kitabu cha kwanza kilikuwa The Three Musketeers, riwaya ya Mfaransa Alexandre Dumas. Bei yake ilikuwa senti 10 za Kimarekani. Mwaka 1947 mfululizo wake ukapewa jina la Classics Illustrated, na hata ulipokoma Marekani mwaka 1971 vilikuwa vimetoka vitabu 169. Ndani yake mlikuwa na Homer, na Shakespeare, na Cervantes, na Victor Hugo, na wengine wengi.

Jambo moja la Kanter lastahili sifa. Mwishoni mwa vitabu vyake aliweka neno la kumwambia msomaji kwamba sasa akitafute kitabu chenyewe kamili katika maktaba ya shule au ya mji, akisome. Yaani hakudai kwamba picha zake ni kitabu. Alisema ni mlango. Hilo ni neno la uaminifu. Walakini tukumbuke kwamba neno hilo liliandikiwa watu wenye maktaba karibu. Katika kijiji ambacho maktaba yake ni sanduku moja chini ya kitanda cha mwalimu, kuambiwa kwenda maktaba ni sawa na kuambiwa kwenda kuteka maji katika mto uliokauka. Kwetu sisi kitabu cha picha mara nyingi hakiwi mlango. Huwa ndicho nyumba yenyewe. Msomaji akimaliza, amemaliza, na lile aliloliona humo ndilo atakalolijua siku zote kuwa ni kitabu cha mtu fulani. Wahenga walisema, ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Ndiyo sababu yatupasa kuvipima vitabu hivi kwa ukali kuliko watu wenye maktaba wavipimavyo.

Sasa mizani yangu ni hii. Kitabu chenye hekima hakina sauti moja. Ndani yake pana mtu aliye na wazo, na pana mtu mwingine anayemjibu. Plato wa Uyunani aliandika falsafa yake karibu yote kwa njia ya mazungumzo, Sokrates akiuliza na wengine wakijibu, na mara nyingine wakimbishia. Hata pale anapotoa mfano wake mashuhuri wa watu waliofungwa pangoni, wasioona ila vivuli ukutani wakidhani ndiyo mambo yenyewe, husimulia akiwa na mtu mbele yake anayesikiliza na kujibu. Kwa hiyo kila nikipewa kitabu kikuu kilichotiwa katika picha, siulizi kwanza kama picha ni nzuri, wala kama kurasa ni nyingi. Nauliza: Je, yule anayejibu bado yumo? Akiwamo, kitabu kingali hai hata kama kimekatwa mpaka kimebaki kidogo. Akiondolewa, kitabu kimekufa hata kama picha zake zang'aa kama dhahabu.

Na tuchukue riwaya moja tuipime kwa njia hiyo. Fyodor Dostoevsky, Mrusi, aliandika riwaya iitwayo kwa Kiingereza Crime and Punishment, yaani Kosa na Adhabu. Ilitoka kwanza kipande kwa kipande katika gazeti la kila mwezi huko Urusi mwaka 1866. Mwandishi huyu aliijua adhabu kwa mwili wake. Mwaka 1849 alikamatwa kwa mambo ya siasa, akasimamishwa uwanjani pamoja na wenzake ili wapigwe risasi, na ndipo dakika ya mwisho wakaambiwa kwamba hawatauawa bali watapelekwa uhamishoni. Alikaa miaka 4 katika gereza la Omsk, Siberia, na kitabu alichokuwa nacho humo kilikuwa Agano Jipya.

Riwaya yenyewe yasimulia khabari za kijana Raskolnikov, mwanafunzi wa zamani wa chuo kikuu katika mji wa Petersburg, maskini na mwenye kiburi. Kijana huyu ana wazo. Asema watu ni wa namna mbili: walio wengi ni watu wa kawaida, na wajibu wao ni kutii sheria, lakini wako wachache walio wakuu, mfano wa Napoleon, na hao wana haki ya kuiruka sheria na kumwaga damu kama kazi yao kubwa yahitaji hivyo. Kisha ajiuliza: Je, mimi ni wa kundi gani? Ili apate jibu achukua shoka, amwua kikongwe mmoja mwenye kukopesha fedha kwa rehani. Dada ya yule kikongwe, Lizaveta, mwanamke mpole asiye na hatia, aingia ghafula, naye auawa.

Tazameni jinsi mwandishi alivyowaweka wanaomjibu kijana huyu. Yuko Porfiry, mpelelezi wa serikali, mtu mwerevu, anayelijua wazo lake kwa kuwa alilisoma gazetini. Huyu amjibu kwa akili: amzunguka kwa maneno kama paka amzungukavyo panya. Lakini yuko wa pili, Sonya, binti ya mlevi, ambaye kwa ajili ya njaa ya mama yake wa kambo na watoto wadogo ameingia katika kuuza mwili wake. Sonya hana elimu ya kubishana na mwanafunzi wa chuo kikuu. Amjibu kwa njia nyingine. Raskolnikov amwomba amsomee habari za kufufuliwa kwa Lazaro katika Injili ya Yohana, sura ya 11. Sonya asoma kwa sauti ya kutetemeka, usiku, kwa mwanga wa mshumaa mfupi; na kitabu asomacho alipewa na Lizaveta, yule yule aliyeuawa. Mwuaji asikiliza habari za ufufuo kutoka katika kitabu cha mtu aliyemwua. Baadaye, alipokwisha kumwungamia, Sonya amwambia aende njia panda, ainame, aibusu nchi aliyoinajisi, kisha awaambie watu wote kwamba ameua.

Hapo ndipo ulipo moyo wa kitabu. Wazo la Raskolnikov ni kwamba watu wengine ni wakuu na wengine ni wadudu. Na anayemjibu ni yule ambaye ulimwengu wote ulimhesabu kuwa mdudu. Mwandishi hakuandika hotuba ya kulipinga wazo lile. Alimweka Sonya mbele yake, basi.

Katika mfululizo wa Kanter riwaya hii ilitoka mwaka 1951, namba 89, katika kurasa zisizofika 50. Mchoraji alikuwa Rudy Palais. Nawaambia kwa haki kwamba picha zake zina nguvu. Mwuaji atokwa na jasho, macho yamemtoka, kuta za chumba zaonekana kama zamwinamia. Mtu asiyejua kusoma hata herufi moja angetambua kwamba kijana huyu anateseka. Katika kuonyesha hofu, picha yaweza kwenda mbio kuliko maneno, na mchoraji huyu alikwenda mbio kweli.

Lakini Sonya hayumo. Ukitafuta kutoka ukurasa wa kwanza hata wa mwisho, hutamwona. Sababu si ngumu kuikisia: kitabu kilikuwa cha vijana, na mwanamke auzaye mwili si jambo ambalo wazazi walitaka kulikuta mikononi mwa watoto wao. Basi walimwondoa, na pamoja naye imeondoka sura ya Lazaro, na mshumaa, na kitabu cha Lizaveta. Kilichobaki ni kijana aliyeua na mpelelezi amtafutaye. Hadithi ya namna hiyo si mbaya. Watu hupenda kusoma jinsi mwuaji anavyonaswa. Lakini maana imegeuka. Katika riwaya, swali ni hili: Mtu aliyejitenga na watu kwa kiburi atarudije kwao? Katika kitabu cha picha, swali ni hili: Atakamatwa lini? Na msomaji kijana aondoka akijifunza kwamba kosa la Raskolnikov lilikuwa kutokuwa mwangalifu.

Najua baadhi ya wazazi watasema: Afadhali aondolewe, mambo hayo si ya watoto. Nawaheshimu, lakini siwakubali. Sisi huwasomea watoto wetu habari za Rahabu wa Yeriko, na jina lake limo katika ukoo ulioandikwa mwanzoni mwa Injili ya Mathayo. Huwasomea habari za mwanamke Msamaria kisimani. Twazisoma kwa heshima, bila kueleza yasiyofaa kuelezwa, na hakuna mtoto aliyepotoka kwa ajili hiyo. Dostoevsky mwenyewe hakuandika hata neno moja la aibu juu ya kazi ya Sonya. Ingaliwezekana kumchora ameketi na mshumaa na kitabu, na kusema kwamba ni binti aliyedharauliwa na mji kwa sababu ya umaskini wake. Mtoto angeelewa kiasi chake, na mtu mzima kiasi chake. Aibu ya wachapaji ilikuwa ya heshima, lakini iliondoa nguzo ya nyumba kwa kuwa ilikuwa na vumbi.

Ili msidhani nadai lisilowezekana, tazameni Japani. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1953, mchoraji Osamu Tezuka alitoa riwaya hiyo hiyo katika picha, naye alikuwa akiwachorea vijana. Watu wake wana nyuso za duara na macho makubwa, kama vikaragosi vya kuchekesha. Mtu akiona ukurasa mmoja atadhani ni mzaha. Tezuka alibadilisha mambo mengi kwa ujasiri mkubwa. Kule mwisho, katika kitabu chake, Raskolnikov aungama kwa sauti katikati ya uwanja, lakini mji umo katika ghasia na umati wa watu haumsikii. Mwisho wa Dostoevsky sio huo: katika riwaya kijana aibusu nchi uwanjani, watu wamcheka wakimdhania mlevi, naye ashindwa kunena, baadaye aenda kituo cha polisi, atoka tena bila kusema, amwona Sonya amesimama kwa mbali, arudi ndani na kuungama, kisha ahukumiwa miaka 8 Siberia.

Ukipima kwa kuhesabu mambo yaliyobadilishwa, Tezuka ana makosa mengi. Walakini Sonya yumo katika kitabu chake. Wazo la kijana lina mtu wa kulijibu, na ule mwisho mpya nao wakuacha na swali: Mtu akiungama na pasiwe na asikiaye, je, ameungama? Nami nasema kwamba Mjapani huyu aliyebadilisha mengi alikuwa mwaminifu kuliko Mmarekani aliyebadilisha machache. Uaminifu wa mfasiri haupimwi kwa wingi wa maneno aliyoyaacha kama yalivyo. Hupimwa kwa kutazama kama mashauri ya kitabu yangali yana pande mbili.

Tumekwisha kuona riwaya. Je, falsafa yenyewe, isiyo na mwuaji wala shoka, yaweza kutiwa katika picha? Wengi husema haiwezekani, kwa kuwa wazo halina pua wala masikio ya kuchorwa. Mwaka 2009 kilitoka kwa Kiingereza kitabu kiitwacho Logicomix, kazi ya waandishi Apostolos Doxiadis na Christos Papadimitriou pamoja na wachoraji Alecos Papadatos na Annie Di Donna, kilichofanyiwa kazi Athens, Uyunani. Ni kitabu kinene chenye kurasa zaidi ya 300, nacho chasimulia maisha ya Mwingereza Bertrand Russell, mwanafalsafa aliyezaliwa mwaka 1872 akafa mwaka 1970, jinsi alivyotafuta msingi wa hesabu usiotikisika.

Mfano mmoja wa fumbo lililomsumbua Russell ni huu. Katika mji fulani yuko kinyozi mmoja, na sheria yasema: kinyozi atawanyoa ndevu watu wote wasiojinyoa wenyewe, na hao tu. Je, kinyozi mwenyewe atanyolewa na nani? Akijinyoa, basi ni mmoja wa wajinyoao, na hao kinyozi hana ruhusa kuwanyoa. Asipojinyoa, basi ni mmoja wa wasiojinyoa, na hao hana budi kuwanyoa. Niliwapa wanafunzi wangu fumbo hili kwa maneno matupu, nao wakabishana mpaka kengele ikalia. Mmoja akasema kinyozi ni mwanamke, na darasa zima likapiga makofi. Nikawaambia jibu ni la werevu, lakini sheria iandikwe upya iwahusu watu wote wenye nywele, tuone atakwepa vipi. Hapo wakanyamaza. Fumbo la namna hii lina mwili tayari, na mchoraji hana shida nalo: kinyozi, wembe, sheria ya mji. Ndivyo ulivyo na mfano wa Plato wa pangoni. Wanafalsafa walikuwa wachoraji kwa maneno kabla ya wachoraji kuwa wanafalsafa kwa picha.

Kitabu hiki kina upungufu, wala sitauficha. Kinamshughulikia sana mtu na kidogo kazi yake. Waona hofu ya Russell kwamba atarithi wazimu uliowapata baadhi ya jamaa zake, waona ndoa zake, waona vita. Lakini kazi yenyewe, ile aliyoiandika pamoja na Alfred North Whitehead na kutolewa katika miaka ya 1910 mpaka 1913, ambayo ilipita kurasa 300 kabla ya kufika mahali pa kuthibitisha kwamba moja na moja ni mbili, hiyo waisikia kwa jina tu, kama usikiavyo habari za mlima usiouona kwa mawingu. Tena waandishi wamewakutanisha watu ambao hawakukutana kamwe, kama Russell na Mjerumani Gottlob Frege. Jambo hilo wamelikiri wazi mwishoni mwa kitabu, na kukiri huko kwapunguza lawama. Walakini msomaji asiyefika mwishoni atadanganyika.

Pamoja na hayo kitabu chapita katika mizani yangu, tena chapita kwa uzito. Kila mwenye wazo humo ana wa kumjibu. Russell atoa hotuba Amerika mwaka 1939, vita vya Ulaya vimeanza tu, na wasikilizaji wasiotaka nchi yao iingie vitani wamkatiza kwa kelele. Mwanafunzi wake Ludwig Wittgenstein ampinga mwalimu wake uso kwa uso. Na jambo la ajabu zaidi, waandishi wenyewe wamejichora ndani ya kitabu, wakitembea katika njia za Athens na kubishana: mmoja asema habari hii ni ya huzuni, ya watu waliovunjika kwa kutafuta yasiyopatikana, mwenziwe, mtaalamu wa kompyuta, asema sivyo, kwa maana katika kushindwa kwao ndimo zilimozaliwa kompyuta. Hawakupatanishwa kwa nguvu. Msomaji aachwa katikati yao, achague.

Frege mwenyewe atuonyesha adabu ya mabishano ya hekima. Mwaka 1902 Russell alimpelekea barua ya kumwonyesha kwamba fumbo lake latoboa msingi wa kazi yake ya miaka mingi, na juzuu ya pili ya kazi ile ilikuwa tayari kwa wapiga chapa. Frege angaliweza kuificha barua. Hakuificha; aliandika nyongeza mwishoni mwa juzuu ile, akaeleza wazi kosa lililoonekana. Mtu wa namna hii ni mashujaa kumi. Na barua ile moja, jibu la mtu mmoja kwa mwingine, yafundisha falsafa ni nini kuliko maneno mengi ya kusifu wanafalsafa.

Jambo hili la kujibu na kujibiwa si geni kwetu Waswahili, wala hatukulipokea kutoka Ulaya. Katika mashauri ya wazee hakuna hukumu kabla pande mbili hazijasemwa. Washairi wetu wana desturi ya kujibizana: mmoja hutoa shairi, mwingine humjibu kwa vina vile vile, na magazeti ya Kiswahili kama Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, yalipokea mashairi ya namna hiyo miaka mingi. Msomaji wa Kiswahili, basi, ana sikio lililozoea. Akipewa kitabu ambacho ndani yake mtu mmoja tu ndiye asemaye, na asijua kwa nini kimemchosha, sababu ndiyo hiyo.

Tena tusidhani kwamba hatuna njia ya kuvipata vitabu vikuu ila kwa picha. Mwalimu Julius Nyerere, akiwa na kazi zote za uongozi wa nchi, alifasiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar kwa Kiswahili na kuitoa mwaka 1963, akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo akatoa na Mabepari wa Venisi. Hakufupisha. Tamthilia hiyo ya Kaizari ilikuwamo pia katika mfululizo wa Kanter, mwaka 1950. Mwenye bahati ya kuvipata vyote viwili na aviweke pamoja mezani, afungue mahali ambapo Bruto asema mbele ya umati kwa nini wamemwua Kaizari, na Antonio asimama baada yake kumjibu. Picha itamwonyesha umati, na damu, na mikono iliyoinuliwa. Lakini kwa nini umati ule ule uliomshangilia Bruto wageuka na kutaka kuchoma nyumba yake, hilo limo katika maneno ya Antonio, jinsi anavyomsifu Bruto mpaka sifa yageuka kuwa tusi. Hapo picha hukaa kimya, na fasiri huanza kazi. Hivi viwili havigombani. Kimoja chaita macho, kingine chaita akili.

Basi, wasomaji, shauri langu ni hili. Mzazi akiletewa kitabu cha namna hii, asikitupe, wala asikipokee tu kwa furaha kwa kuwa mtoto ametulia. Akae naye jioni moja amwulize maswali matatu. La kwanza: Ni nani katika kitabu hiki mwenye wazo, na wazo lake ni lipi? La pili: Ni nani anayemjibu, na amjibu kwa maneno au kwa matendo? La tatu: Wewe waona nani ameshinda, na kwa nini? Mtoto akiweza kujibu maswali hayo matatu, kitabu kimefanya kazi yake, na senti zake hazikupotea. Asipoweza, mtazameni vema kitabu chenyewe kabla ya kumlaumu mtoto. Labda anayejibu ameondolewa humo na wachapaji.

Na walimu wenzangu mliosoma kitabu kamili, msimulieni mtoto yule aliyeondolewa. Jambo hili laweza kufanyika bila maktaba na bila fedha. Kijana akimaliza zile kurasa za Raskolnikov zilizochorwa na Palais, mwambieni kwamba katika habari hii alikuwako msichana mmoja aliyeitwa Sonya, kisha mketi mwasimulie habari za mshumaa na Lazaro na njia panda. Mchovya asali hachovyi mara moja: akisikia hayo, atakitafuta kitabu kizima hata kama itamlazimu kukiazima mbali.